Majani ya Viazi vya Mama Cornel

Hildegarda alizaliwa Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, mahali ambapo asubuhi mtu hutoka nje amejitanda nguo mbili na bado meno yanagongana. Kwao viazi ulaya havikuwa kitu cha kushangaza. Mapadri walivileta zamani, wazee wakavionja kwa mashaka, watoto wakavikubali mara moja, na kufikia wakati Hildegarda anajua kushika jembe, kila mama pale kijijini alikuwa na kipande chake cha viazi mteremkoni. Mama yake alimfundisha kuchagua mbegu, kuziweka gizani mpaka zichipue, na kulifukia shina kila linapopanda. Alimfundisha na jambo jingine, siku mbuzi wa jirani alipokata kamba akaingia shambani.

"Kiazi chakula chake kiko chini," mama alisema. "Cha juu si chako, wala si cha mbuzi."

Mbuzi yule alilala mchana kutwa akitokwa na povu. Hildegarda alikuwa bado mdogo, lakini hakusahau.

Aliolewa na Nikolaus, kijana mpole wa kijiji cha pili. Mtoto wao wa kwanza, Cornel, alipoanza kukaa, kodi ya kichwa ikamtoa Nikolaus milimani kama ilivyowatoa wenzake wengi. Walishuka kwa miguu hadi Morogoro, wakapanda treni, wakateremka Kilosa, na hapo wakapakiwa kwenye lori pamoja na watu wa makabila wasiyoyajua hadi kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji. Hildegarda alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na ndani ya sufuria kifurushi cha mbegu za viazi alichopewa na mama yake.

Joto la Kilosa lilimpokea kama kofi. Kila upande aliotazama uliota mkonge tu, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na katikati yake kambi ya wafanyakazi: nyumba ndefu za matofali zenye vyumba vilivyobanana, kila chumba na familia yake. Nikolaus alipangiwa korona, ile mashine kubwa inayokamua majani ya mkonge ibaki nyuzi tupu. Ilinguruma tangu alfajiri. Maji yake yalinuka kama kitu kilichokufa, na utomvu wa majani uliwawasha watu mikono mpaka ngozi ikabambuka.

Hildegarda alijaribu viazi vyake mara tu alipofika. Vipande vya kulima vilikuwa mbali, huko bondeni karibu na mto Mkondoa, na udongo wake ulikuwa mweusi na mzito. Akapanda nusu ya mbegu. Mvua ikanyesha, maji yakatuama, na alipochimbua akakuta uji unaonuka. Karibu na nyumba haikuruhusiwa kuchimba. Nyapara alikuwa mkali, akisema mashimo yanafuga mbu.

Siku hiyo alikaa nyuma ya nyumba akilia, mabaki ya mbegu yakiwa mapajani. Chumba cha jirani alikaa Mrisho, mkata mkonge, na mkewe Mwanakheri, watoto wao, na mama yake Mrisho ambaye kambi nzima ilimwita Bibi Mwanasha. Bibi huyo alitoka akijikongoja.

"Shikamoo, bibi," Hildegarda alisema, akifuta uso.

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Mbegu za mama zimeoza."

Bibi Mwanasha akachukua kiazi kimoja, akakigeuzageuza. "Mbatata," alisema. "Niliwahi kuziona zamani, wakati wa Mdachi. Udongo wa huku unashika maji kama mtu anavyoshika kinyongo. Usizipe udongo wa huku. Zitengenezee wako."

Akarudi ndani, akatoka na mtungi wa maji uliopasuka kiunoni. "Huu hauniwekei maji tena. Jaribu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hildegarda alijaza mtungi ule udongo mwepesi aliouchota kwenye kichuguu, akachanganya na samadi aliyopewa na Wakwavi waliokuwa wakipitisha ng'ombe kando ya shamba. Akapanda mbegu mbili, akauweka mtungi chini ya mchirizi wa paa. Jua lilipozidi mchana, aliusogeza kivulini, na jambo hilo likamfumbua macho: shamba la bondeni halisogezwi, mtungi unasogezwa. Akatafuta vyombo vingine. Madebe ya mafuta ya taa yaliyotoboka, karai lililokufa, magunia ya katani yaliyochanika ambayo aliyakunja midomo yasimame. Madebe aliyatoboa matako kwa msumari ili maji yatoke, akayazungushia magunia yaliyoloweshwa ili bati lisichemshe udongo. Alipanda kipupwe kilipoingia, jua likiwa na huruma kidogo. Shina likipanda, aliongeza udongo. Likipanda tena, aliongeza tena, mpaka debe likajaa.

Watu wa kambi walimcheka. Walimwita mwanamke anayepika udongo. Lakini alipoupindua mtungi ule kwa mara ya kwanza, viazi vikamwagika vyeupe kama mayai ya bata, vidogo, si vya Mgeta, ila viazi. Vya kwanza alimchemshia Bibi Mwanasha. Bibi akavila kwa chumvi, polepole, akifumba macho.

"Sasa umefika," alisema. "Mtu hajafika mahali mpaka ale alichopanda mwenyewe."

Tangu siku ile walikuwa kama mama na mwana. Bibi Mwanasha ndiye aliyempokea mtoto wake wa pili, Mathias, kwa mikono yake, na ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto mpaka akasimama. Mwanakheri alimwita mama Cornel, naye alimwita mama Mwanvua, kwa jina la binti yake mkubwa. Waliazimana chumvi, waliazimana moto, waliazimana hata hasira. Mmoja akigombana na mumewe, mwenzake alinuna pia.

Kisha vita vya Wazungu vikawaka huko mbali, na mkonge ukawa kama dhahabu. Korona haikuzimwa. Watu waliletwa kwa malori, wengine kwa nguvu, wakasindikizwa na askari. Treni zilibeba wanajeshi na katani, na vitu vya dukani vikaanza kuadimika. Hapo ndipo Hezekia alipokuja nyuma ya nyumba ya Hildegarda. Hezekia alikuwa mpishi wa meneja, mtu nadhifu, mwenye kofia nyeupe aliyoivua kila anapoingia kivulini.

"Dada, nasikia una viazi."

"Ninavyo vichache."

"Memsahibu hajaona kiazi tangu masika. Analalamika mpaka mimi naona haya, kama kwamba mimi ndiye niliyeanzisha vita." Akainama akatazama madebe. "Ukinipa vyako, nitakuletea sukari, na madebe matupu kila yanapopatikana. Na kuna jambo jingine. Mtunza bustani wa meneja amezeeka, anataka kwenda kwao. Nikimtaja Nikolaus kwa bwana mkubwa, atanisikiliza. Ila viazi visikatike."

Hildegarda alilifikiri jambo hilo siku hiyo yote, ingawa hakukuwa na cha kufikiri. Kabla ya hapo kidogo, mtu mmoja aliyefanya kazi bega kwa bega na Nikolaus alikuwa amevutwa mkono na korona. Nikolaus alirudi na damu ya mwenzake kwenye shati, akakaa mlangoni, akashindwa kula. Bustanini hakuna mashine. Bustanini kuna maua, mpira wa maji, na kivuli.

Kuanzia hapo viazi havikuwa vyake tena. Alivihesabu vikiwa bado ardhini. Hezekia alileta madebe, naye akayajaza, mpaka nyuma ya nyumba pakawa kama ghala la mafuta lililoota majani. Watoto wake waliacha kuonja. Bibi Mwanasha hakuuliza, na Hildegarda akaona afadhali hivyo.

Mwaka wa njaa ulifuata. Masika hayakuja. Mahindi ya bondeni yalikauka yakiwa urefu wa goti, Mkondoa ukabaki mchanga na vidimbwi. Posho ya kambi ikapunguzwa, ikaletwa unga wa muhogo uliokuwa na uvundo, kisha huo nao ukapungua. Wanawake walikwenda porini kuchimba mizizi. Mrisho, aliyekuwa na kifua cha kubebea mizigo, akakonda mpaka mashavu yakaingia ndani. Lakini nyuma ya nyumba ya Hildegarda, madebe yalikuwa ya kijani. Aliyanywesha maji ya kuoshea vyombo, maji ya kuogea watoto, maji aliyoyachota kisimani baada ya kupanga foleni asubuhi nzima. Hapakuwa na kijani kingine pale kambini, na kila aliyepita alikitazama.

Mwanakheri alikuja mchana mmoja, akasimama, hakukaa kama kawaida yake.

"Mama Cornel, ninaona haya."

"Sema tu, mama Mwanvua."

"Nigawie viazi vichache. Si vya kwangu. Ni vya mama mkwe. Muhogo ule unamkata tumbo, hauli, anawapa watoto fungu lake."

Hildegarda alitazama madebe. Hezekia alikuwa amepita siku chache nyuma akasema mzee wa bustani anafunga mizigo. Mara hii alete vingi, vikubwa, bwana mkubwa avione. Hildegarda aliuona tena mkono wa yule mtu wa korona.

"Bado havijakomaa," alisema. "Na vyenyewe ni vya watu. Nimekwisha kuahidi."

"Hata viwili?"

"Ningekuwa navyo ningekupa. Unanijua."

Mwanakheri aliyatazama madebe. Akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Hildegarda alijua, na mwenzake naye alijua, kwamba debe la mwisho kule ukutani lilikuwa limeshaanza kupasua udongo kwa viazi.

Asubuhi iliyofuata Hildegarda alitoka na ndoo akielekea kisimani. Alipokata kona ya nyumba akamwona Mwanvua, binti wa Mwanakheri, ameinama kwenye madebe yale. Msichana alikuwa akichuma majani harakaharaka, anayaweka kwenye ungo. Mashina mawili yalikuwa yamebaki uchi. Mwanvua akainua uso. Macho yao yakakutana.

Ukanda ule wa nchi watu hula viazi vitamu, na majani yake, matembele, ni mboga ya kila siku. Mtu aliyesikia neno viazi maisha yake yote akajua majani yake yanaliwa, angejuaje kwamba haya ni mengine? Hildegarda alilielewa jambo hilo palepale. Alimkumbuka mbuzi na povu lake. Neno lilikuwa mdomoni: mwanangu, weka chini, hayaliwi hayo. Lilikuwa neno dogo kuliko salamu.

Hasira ikalimeza. Nimewaambia havijakomaa, alijisemea, nao wanatuma mtoto aniibie, anikaushie mashina, anitie aibu mbele ya Hezekia. Basi wayapike. Wataonja uchungu wake, watayatema, na kesho hawatarudi. Akageuza shingo, akapita, ndoo ikigongagonga mguuni.

Kisimani foleni ilikuwa ndefu. Mara mbili alitaka kuacha ndoo akimbie nyumbani, na mara zote mbili alijiambia kwamba majani machungu hakuna atakayeyameza.

Na kweli watoto hawakuyameza. Walionja, wakakunja nyuso, wakatema kwenye majivu. Mwanakheri mwenyewe alikula matonge mawili akayasukuma. Bibi Mwanasha ndiye aliyevuta bakuli kwake. Alikuwa ameona njaa nyingi katika maisha yake, na kila njaa ilimfundisha jambo lilelile: mwaka wa njaa chakula hakitemwi. Akala ile mboga yote, akapangusa bakuli kwa kidole.

Jua lilipokuwa limeanza kuinama, Hildegarda alisikia anaitwa. Alimkuta bibi amelala kwenye mkeka, anatapika, tumbo limemkaza, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Mwanakheri alikuwa anahangaika na kanga za kumfutia.

"Kaa naye kidogo, mama Cornel, nimkimbilie mganga wa zahanati."

Hildegarda akakaa, akampakata kichwa. Bibi alifumbua macho, akamtambua.

"Mboga ilikuwa chungu, mwanangu," alisema kwa shida. "Nikasema chungu ni dawa."

Hildegarda akampangusa jasho. Mganga wa zahanati ya shamba alifika na mkoba wake, mtu aliyechoka, kwa sababu kambi ilijaa wagonjwa wa tumbo. Alimpapasa bibi, akauliza amekula nini.

"Ugali wa muhogo na mboga," Mwanakheri alijibu.

"Mboga gani?"

"Majani tu. Matembele."

Mganga akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jibu lilelile kutoka nyumba kumi. Hildegarda alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake, kichwa cha bibi mapajani. Angeweza kusema. Huenda pangekuwa na dawa nyingine, huenda pasingekuwa. Hilo hakulijua siku ile wala hakulijua baadaye, na hilo ndilo lililomtafuna kuliko mengine yote. Alichokifikiri ni watu wakisema viazi vya mama Cornel vina sumu, na viazi hivyo vinapelekwa mezani kwa meneja, na askari wanakuja kumchukua Nikolaus. Akafunga mdomo. Mganga akaacha vidonge, akaenda nyumba nyingine.

Bibi Mwanasha alifariki kesho yake asubuhi, watu wakiwa wanakwenda kazini. Alizikwa kabla ya adhuhuri, nyuma ya mistari ya mkonge, mahali ambapo Waislamu wa kambi walikuwa wamepewa. Wanawake walilia ndani. Mwanakheri alimkumbatia Hildegarda kwa muda mrefu, akamwambia sikioni, "Alikupenda sana, unajua," na Hildegarda akaachia kilio ambacho wanawake wengine walikitazama kwa mshangao, kwa jinsi Mkristo yule wa milimani alivyomlilia mama wa watu.

Alipotoka matangani, Hildegarda alikwenda nyuma ya nyumba akapindua madebe yote. Mtungi, karai, magunia, kila kitu. Viazi vilivyokomaa alivikusanya kwenye kapu akavipeleka kwa wafiwa, navyo vikapikwa vikaliwa na waombolezaji, wakashukuru. Majani aliyachoma moto.

Nikolaus aliporudi alisimama akitazama udongo uliotapakaa.

"Umepata wazimu, mama Cornel?"

"Nimechoka na viazi."

"Hezekia je? Bustani je?"

"Nimechoka, Nikolaus."

Hezekia alikuja, akavua kofia, akatazama, akaivaa tena, akaondoka. Kazi ya bustani akapewa mtu mwingine. Nikolaus alibaki kwenye korona mpaka vita vikaisha na miaka kadhaa baadaye. Mikono yake yote miwili ilisalimika, ila ngurumo ile ikamla masikio kidogo kidogo, mpaka watoto wakazoea kumgusa bega kabla ya kumsemesha.

Mrisho naye alipata kazi ya reli, akaihamisha familia yake. Siku ya kuagana Mwanakheri alimwachia Hildegarda kinu chake, kizito mno kubebwa. Walishikana mikono, wakaahidiana kutembeleana, kama watu wanavyoahidiana.

Walipoacha mkonge, Hildegarda na mumewe hawakurudi Mgeta. Mama yake alikuwa amekwisha kufa na kipande cha mteremkoni kilikuwa mikononi mwa dada zake. Walikwenda Mikumi, ambako wakati huo palikuwa na nyumba chache tu kando ya barabara ya Iringa na tembo wakipita kama wenye nchi. Hildegarda akasimamisha banda la miti na nyasi, akawapikia madereva wa malori. Wali, maharage, nyama ikipatikana. Malori mengi yalishuka kutoka nyanda za juu yamejaa viazi, na madereva walimbembeleza awakaangie. Hakukubali. Walidhani ni mwiko wa kabila lake. Lakini kila mama aliyemwona akinunua viazi pale barabarani, alimfuata akamwambia, "Ukipanda, majani yake hayaliwi. Usiwape hata mbuzi." Wengine walimwona mwanamke wa ajabu. Alirudia hivyo hivyo.

Mara nyingi alitaka kumwambia Nikolaus. Alikuwa mtu wa kusamehe, angemsikiliza. Ila kumwambia Nikolaus kitu sasa kulihitaji kupaza sauti, na siri haipazwi sauti kando ya barabara. Kila alipoanza, mumewe aliweka kiganja sikioni akauliza, "Eti?" naye akajibu, "Nasema chakula tayari."

Mchana mmoja wa kiangazi lori lililotoka Kilosa lilisimama pale kupoza injini. Abiria wakashuka kujinyoosha. Mmoja wao, mwanamke mnene kiasi aliyejifunga kanga mpya, akaja moja kwa moja mpaka jikoni.

"Mama Cornel! Si wewe?"

Hildegarda aliangusha mwiko. Wakakumbatiana, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Mwanakheri alicheka mpaka machozi. Alikuwa njiani kwenda Malolo, Mwanvua ameolewa huko na amejifungua mtoto wa kike. Mrisho mzima, bado yuko reli. Na wewe je? Na Nikolaus? Na Mathias, yule aliyepokewa na mama? Walikaa kwenye benchi. Hildegarda alimpakulia wali.

Mwanakheri alikula kidogo, kisha akaweka mkono kwenye goti la mwenzake.

"Mungu amenikutanisha na wewe kwa sababu nina shukrani yako ya zamani. Unakumbuka mwaka ule wa njaa? Nilimtuma mtoto akachume majani kwako bila kukuomba. Nilikuwa nimeona haya kuomba mara ya pili. Mwanvua akarudi akaniambia, mama Cornel ameniona, akanyamaza, akaenda zake kisimani. Nikasema, tazama utu wa mwanamke yule. Viazi si vyake, ameahidi watu, lakini majani ametuachia, na hakutaka kumwaibisha mtoto. Nilitaka nije jioni ile ile nikushukuru. Ndipo mama akaugua."

Hildegarda alisikia masikio yake yakivuma kama ya mumewe. Ingekuwa rahisi kusema si kitu, mama Mwanvua, kula wali. Angesema hivyo, na lori lingeondoka.

"Usinishukuru," alisema. "Majani yale ni sumu."

Mwanakheri alitabasamu kwanza, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Sumu vipi?"

"Si matembele. Yale ya viazi ulaya hayaliwi. Kwetu hata mbuzi hapewi. Ndiyo yaliyomuua bibi, au yalisaidia kumuua, sijui. Nimekaa miaka yote sijui."

"Ulijua lini?"

"Nilijua siku zote."

"Siku ile? Ulipomwona mtoto?"

"Nilijua yanaumiza. Sikujua yanaua mtu. Nilikasirika, mama Mwanvua. Nikadhani mtayaonja mtayatema."

"Watoto waliyatema," Mwanakheri alisema polepole. "Mama hakutema."

Alitazama sahani yake. Kisha akatazama mikono yake miwili, akaigeuza, viganja juu.

"Mimi ndiye niliyepika. Alisema ni chungu, mimi nikamwambia kula mama, upate nguvu. Nikamwongezea na fungu langu." Sauti yake haikupanda. "Nilimzika nikijua nilimtunza mpaka mwisho. Mrisho hunisifia hilo mbele ya ndugu zake mpaka leo. Kwa nini umeniambia?"

"Sikuweza kupokea shukrani yako."

"Basi ungeikataa tu, ukanyamaza. Si unajua kunyamaza?"

Dereva alipiga honi. Mwanakheri akainuka, akajitengeneza kanga. Hildegarda naye akainuka, akanyoosha mkono, hakujua ataugusia wapi, akaurudisha.

"Mwanvua asijue," Mwanakheri alisema bila kumtazama. "Yeye ndiye aliyechuma. Hata ukikutana naye, hata nikifa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hilo utanifichia."

Akaenda kwenye lori, akasaidiwa kupanda. Wali wake ulibaki umelika upande mmoja.

Hildegarda aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alijilaumu kwa asubuhi ile ya ndoo, na alijilaumu kwa mchana ule wa benchi, na hakuweza kupata ni lipi kati ya hayo mawili angeomba kwanza lifutwe. Kunyamaza kwake kulimtoa mtu roho, kusema kwake kulimtoa mwingine usingizi. Alimwungamia padri aliyepita Mikumi, padri akamwondolea dhambi, naye akarudi jikoni akiwa na uzito ule ule.

Kulikuwa na dereva mmoja aliyepita njia ya Malolo mara kwa mara, kijana wa watu, mwenye adabu. Hildegarda alimwomba amfikishie salamu mama mmoja anayeitwa Mwanakheri, ambaye alisikia sasa anaishi huko kwa binti yake. Salamu tu, hakuna kingine. Dereva alipeleka, akarudi bila jibu. Akapeleka tena msimu uliofuata, na mwingine.

Siku moja dereva akaingia bandani, akamsalimia shikamoo, akakaa.

"Mama, yule bibi wa Malolo amejibu."

Hildegarda akaweka chini kifuniko cha chungu. "Amesemaje?"

"Amesema salamu zimefika."

"Hakusema kingine?"

"Hakusema. Alikuwa anapepeta mchele, mjukuu yuko ubavuni kwake. Akasema, mwambie zimefika, akaendelea kupepeta."

Hildegarda alimshukuru, akampakulia chakula, akamwongezea nyama bila kumwambia. Kisha akatoka nje nyuma ya banda, akakaa kwenye gogo, na Nikolaus alipokuja kumuuliza kilichomliza, alimwelekezea moshi wa jikoni kwa kidole.